Dari Yako ni Sakafu ya Mwenzako

Bomba likipasuka bafuni kwenye ghorofa ya tano, anayelowa ni mtu wa ghorofa ya nne. Kwenye nyumba ya chini yenye uwanja wake, uzembe humrudia aliyezembea: paa likivuja, anayekinga ndoo ni mwenye paa. Kwenye jengo la fleti mambo hayaendi hivyo. Wa tano yuko kazini, simu yake imezimwa, mlango umefungwa; wa nne, ambaye hata jina la huyo wa juu halijui, amesimama sebuleni akitazama maji yakichirizika pembeni mwa taa. Hapo ndipo hujulikana kama jengo lina wakazi tu au lina majirani. Wanaofahamiana wana namba ya simu ya pili, wanajua koki ya kufungia maji ya upande ule iko wapi, na dada wa kazi wa fleti ya jirani anajua ufunguo wa akiba umeachwa kwa nani. Wasiofahamiana huanza na kelele, wakaendelea na barua za mawakili. Makala hii inatetea jambo moja: kwenye majengo ya kumiliki kwa sehemu, kukutana, kula pamoja na kuzikana ni sehemu ya matengenezo ya jengo, sawa na kupaka rangi au kubadilisha pampu, na jengo linaloyapuuza hayo hulipa baadaye kwa bei kubwa.

Kuishi ghorofani si jambo geni kwetu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na kule Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilianza kujenga nyumba za maendeleo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yale majumba marefu ya Michenzani bado yanakaliwa. Jambo jipya ni umiliki. Zamani aliyekaa ghorofani mara nyingi alikuwa mpangaji, na lifti au bomba likiharibika alijua ni ofisi gani ya kwenda kulalamika. Tanzania Bara ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za majengo mwaka 2008, Zanzibar ikapata yake mwaka 2010, na Kenya, iliyokuwa na sheria ya aina hiyo tangu 1987, iliiandika upya mwaka 2020. Kiini cha sheria hizi kinafanana. Anayenunua fleti ananunua vitu viwili kwa mkupuo: vyumba vyake, ambavyo ni vyake peke yake, na fungu lake katika ngazi, paa, msingi, mabomba makuu, lifti na uwanja, ambavyo ni vya wote. Kisha anaingia, apende asipende, katika umoja wa wamiliki wenye wajibu wa kuvitunza hivyo vya wote. Wengi husoma kwa makini ukurasa unaotaja vyumba vitatu na jiko, wakaupita haraka ule unaotaja umoja. Lakini huo wa pili ndio utakaoamua kama hivyo vyumba vitatu vitakuwa na maji miaka 15 ijayo.

Umoja uliopo kwenye karatasi tu unaweza kumfikisha mtu wapi? Mfano mzito uko mbali nasi, katika mji wa Surfside, jimbo la Florida, Marekani. Jengo la Champlain Towers South lilijengwa mwaka 1981, lilikuwa na ghorofa 12 na fleti 136, na wenye fleti ndio waliokuwa wakiliendesha kupitia chama chao. Mwaka 2018 mhandisi waliyemwajiri wenyewe aliandika kwamba zege lililo chini ya uwanja wa bwawa la kuogelea limeharibika vibaya, kwa kuwa maji yalikuwa yakituama badala ya kutoka. Taarifa ilikuwa mezani, makubaliano hayakuwepo. Mwaka 2019 wengi wa wajumbe wa bodi walijiuzulu, watu wakaendelea kubishana juu ya gharama, na gharama nazo zikaendelea kupanda. Mpango wa ukarabati wa takriban dola milioni 15 ulipitishwa Aprili 2021, kila mwenye fleti akitakiwa kutoa makumi elfu ya dola, wengine zaidi ya laki tatu. Usiku wa kuamkia Juni 24 mwaka huohuo sehemu kubwa ya jengo iliporomoka na watu 98 wakafa. Itakuwa uongo kusema ugomvi wa majirani ndio ulioliangusha. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba uwanja ule wa bwawa ulikuwa na udhaifu wa usanifu tangu mwanzo, na kwamba baadaye uliongezewa uzito, yakiwemo masanduku makubwa ya kuoteshea mimea. Lakini kati ya onyo la mhandisi na kuporomoka kulikuwa na takriban miaka mitatu, na miaka hiyo ilikuwa mikononi mwa watu ambao walishindwa kusikilizana.

Pesa ndiyo inayovunja umoja mwingi, na huku kwetu pesa hiyo ni ada ya huduma, ile ambayo wengi huiita sevisi chaji. Inalipa walinzi, usafi, umeme wa korido na wa pampu, dizeli ya jenereta, fundi wa lifti. Kitu ambacho hakimo kwenye hesabu za majengo mengi ni akiba. Pampu ina umri wake, lifti ina umri wake, hata lile tabaka la juu ya paa linalozuia maji lina umri wake. Jengo lisilotenga kitu kila mwezi hungoja kitu kivunjike ndipo lianze kupitisha bakuli, na bakuli linapopita wakati wa shida, wenye uwezo hulipa kwa hasira na wasio nacho hujificha. Mwanazuoni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza kitu cha wote: malisho ya milimani Uswisi, mifereji ya mashamba Hispania na Ufilipino, wavuvi wa pwani ya Uturuki. Wakati wake wasomi wengi waliamini kwamba cha wote lazima kiharibike, isipokuwa serikali ikichukue au kigawanywe kwa watu binafsi. Yeye alikuta jamii zilizotunza malisho na maji yao kwa mamia ya miaka, na zilikuwa na tabia zinazofanana. Waliotumia kitu ndio walioweka kanuni zake. Waliosimamia walitoka miongoni mwao. Aliyekosea hakutozwa faini kubwa siku ya kwanza. Alianza kwa kuonywa, adhabu ikapanda kadiri alivyorudia. Na palikuwa na mahali pa karibu, pa gharama ndogo, pa kumaliza ugomvi.

Ukiyaleta hayo kwenye fleti za Upanga, Dar es Salaam, au Kilimani, Nairobi, yanageuka kuwa mambo ya kawaida kabisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo hesabu ya kila mwezi ibandikwe kando ya lifti, ukurasa mmoja, herufi kubwa, yaani kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kwa kazi gani, na akiba imefika wapi. Akiba iwe na akaunti yake benki, na watia saini watoke ghorofa tofauti. Aliyechelewa kulipa asitangazwe kwenye kundi la WhatsApp. Kosa hili linafanyika kila mahali na linaharibu zaidi ya linavyokusanya, kwa sababu aliyeaibishwa mbele ya watu 80 hana tena sababu ya kutunza heshima yake kwao. Mjumbe wa ghorofa yake abishe hodi kwanza, aketi, aulize. Huenda mtu amepoteza kazi na anaweza kulipa nusu. Huenda amekasirika kwa sababu dari yake imevuja miezi minne na hakuna aliyekuja kuitazama. Kundi la simu linafaa kutangaza kwamba maji yamekatika au gari fulani limeziba njia. Kwa kutatua kutoelewana halifai, maana kila anayeandika humo anaandikia hadhira.

Pingamizi la kwanza nalisikia likija. Watu wengi wamehamia fleti kwa kukimbia majirani. Wamechoka na umbea wa uani, na macho yanayohesabu wageni, na mtu anayejua umepika nini. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi, na wako wanaokumbuka kwamba balozi, kiongozi wa shina, alikuwa msuluhishi, lakini pia alikuwa mtu aliyejua mengi mno. Faragha ni haki, na mlango wa fleti ukifungwa uheshimiwe. Lakini ujirani ninaoutetea hauhitaji watu kuwa marafiki wa chanda na pete. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walichapisha utafiti uliohoji wakazi 8,782 katika vitongoji 343 vya Chicago. Waligundua kwamba vitongoji ambavyo wakazi wake waliaminiana, na waliamini kwamba mwenzao angeingilia kati akiona watoto wametoroka shule au mtu anachora kuta, vilikuwa na ukatili mdogo zaidi, hata baada ya umaskini kuzingatiwa. Jambo kuu halikuwa kutembeleana kila jioni. Lilikuwa ile imani kwamba mwenzangu hatapita akanyamaza. Imani hiyo hujengwa kwa kiasi kidogo cha kujuana: jina, sura, mlango, watoto ni wangapi, nani ana kisukari, nani ni mzee anayeishi peke yake. Mtu anaweza kuyajua hayo bila kujua nani kalala kwa nani.

Iko siku ambayo huonyesha hali ya jengo kuliko mkutano wowote, nayo ni siku ya msiba. Mila zetu zote za msiba zilitengenezwa kwa nyumba za chini. Turubai hufungwa uwanjani, wanaume hukaa nje, wanawake huingia ndani na mikeka, masufuria huinjikwa uani, na wageni huja bila kualikwa kwa siku tatu au zaidi. Sasa weka hayo yote ghorofa ya saba. Lifti ni ndogo, jeneza halilali humo. Ngazi zina kona kali, wabebaji wanalazimika kulisimamisha nusu, jambo linalowaumiza wafiwa. Sebule inajaa watu 20, na 200 wako chini wakitafuta kivuli kati ya magari. Mlinzi ana agizo la kuandika kila mgeni kwenye daftari. Jengo ambalo halikuwahi kuzungumza juu ya siku hii huizungumza siku yenyewe, mfiwa akiwa ndiye anayeomba ruhusa ya kulia. Hilo lisitokee kwa mtu yeyote. Kanuni za jengo zitaje wazi: sehemu ipi ya maegesho inaachwa wazi kwa msiba na kwa siku ngapi, magari yake yanahamia wapi, maji na umeme wa pale chini vinalipwa na nani, kisomo au sala vinaisha saa ngapi, ni fleti zipi ziko tayari kupokea wageni wa kulala. Viti, masufuria makubwa na turubai moja linaloshikamana na nguzo za maegesho vikinunuliwa kwa mfuko wa pamoja, kila familia itavitumia, ya Kikristo na ya Kiislamu, kwa msiba na kwa arusi.

Nchi nyingine zililiona hili mapema na zikalijenga kwa zege. Singapore, ambako takriban wakazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye fleti zilizojengwa na serikali, majengo mengi yaliachiwa ghorofa ya chini wazi, nguzo tupu na sakafu, bila maduka wala vyumba. Wamalay hufanyia arusi hapo, Wachina huwaweka hapo marehemu wao kwa mkesha kabla ya mazishi, na siku za kawaida wazee hucheza drafti humo. Karibu zaidi nasi, Ethiopia ilipoanza mpango wake mkubwa wa nyumba za kumiliki kwa sehemu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasanifu waliweka katikati ya maghorofa jengo dogo la pamoja kwa ajili ya kuchinja, kupika kwa moto, kufua na kukutana, kwa kuwa walijua kwamba familia ya Addis Ababa haitaacha kuchinja siku ya sikukuu eti kwa sababu imehamia ghorofa ya nne. Huko kuna idir, vyama vya kuzikana, ambavyo watu huhama navyo au kuviunda upya. Sisi tulikuwa na baraza. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa na viti vya mawe nje ya mlango, mahali ambapo si ndani kwa mtu wala si barabarani. Wajenzi wetu wa leo hujaza ghorofa ya chini maduka na maegesho, wakaita lile eneo dogo la vigae mbele ya lifti mapokezi. Anayekagua fleti ya kununua aulize baraza liko wapi kabla hajauliza rangi ya kabati za jikoni.

Kujuana kuna faida ya pili ambayo haionekani mpaka hatari ije. Chukua simtanki. Maji yakiwa ya mgao, mtu huamua kuweka tangi lake kwenye roshani. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na roshani nyingi hazikupigiwa hesabu ya mzigo kama huo umekaa mahali pamoja mwaka mzima. Au chukua jiko la mkaa: maharage yanachukua muda, gesi ni ghali, jiko linawashwa roshani na mvua ikinyesha linaingizwa ndani. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kumuua aliyelala. Mtungi wa gesi nao una tabia yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu. Hutambaa sakafuni, hushuka ngazi, hujikusanya mahali pa chini kabisa. Anayenusa gesi asiwashe wala kuzima swichi yoyote. Afunge mtungi, afungue madirisha na milango, atoke, awaambie wa chini. Kanuni zinaweza kuyakataza yote mawili, tangi na mkaa. Ila anayeona tangi la jirani ni jirani, na atakayekwenda kusema bila kuzua vita ni yule aliyewahi kula naye futari au keki ya Krismasi. Vivyo hivyo kwa ngazi zilizojaa baiskeli, magodoro mabovu na kreti za soda, ambazo siku ya moto ndizo njia pekee ya kutokea, kwa kuwa lifti haipandwi moto ukiwaka. Walau mara moja kwa mwaka jengo lifanye zoezi: kengele, kushuka, kuhesabiana uwanjani, kila mtu mzima kushika mtungi wa kuzimia moto na kuvuta pini yake. Namba ya Zimamoto kwa Tanzania, 114, iandikwe kila ghorofa. Baada ya zoezi pikeni pilau. Hilo la pilau lichukuliwe kwa uzito uleule, maana ndilo litakalowaleta watu mwaka unaofuata.

Wapo watakaosema kazi hizi zote zina mwenyewe, naye ni meneja wa jengo. Lipa kampuni, ulale usingizi. Meneja mzuri ni neema, na jengo la fleti 100 haliwezi kuendeshwa kwa kujitolea tu. Lakini meneja anatekeleza, haamui. Hawezi kupandisha ada ambayo wamiliki wameikataa, wala hawezi kujua kwamba bibi wa 3B hajaonekana tangu juzi. Tena waajiri wasiokutana hawawezi kumsimamia waliyemwajiri. Kampuni inayoripoti kwa watu waliotawanyika, ambao kila mmoja anamjua meneja na hakuna anayemjua mwenzake, ndiyo inayoweza kupeleka bei mbili kwa milango miwili. Wamiliki wanaoketi pamoja mara nne kwa mwaka wanaweza kulinganisha risiti.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi linahusu wapangaji. Majengo mengi ya mijini hayakaliwi na wenyewe; mwenye fleti yuko Mwanza, Muscat au Uingereza, na anayekaa humo ana mkataba wa mwaka mmoja. Kwa nini ajisumbue na jengo atakaloliacha? Kisheria kura ni ya mmiliki, na hilo halina utata. Lakini anayejua pampu inapiga kelele usiku ni mpangaji. Jengo lenye busara humpa mpangaji kiti na sauti kwenye vikao hata kama hana kura, na linamtaka mmiliki aliye mbali amtaje kwa maandishi mtu wa kumsemea. Wapangaji wengi hukaa miaka mitano, sita, kwa mikataba inayohuishwa. Kuwaona kama wapita njia ni kuwapoteza watu wanaoamka humo kila siku. Wako pia wasio wamiliki wala wapangaji, yaani walinzi, mafundi na wasaidizi wa nyumbani, ambao wanalijua jengo kuliko sisi sote. Wakipewa chai wakati wa sherehe lakini wasiulizwe wanaona nini, jengo limejinyima taarifa zake bora.

Kuhusu shughuli zenyewe, ushauri wangu ni kuanza na ndogo zinazorudi, maana tamasha kubwa la kila mwaka huwachosha watu watatu, na hao wakichoka linakufa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi usafi wa ngazi, saa moja na nusu, kisha chai na vitumbua. Saa maalumu za watoto kucheza mpira maegeshoni, magari yakiwa yamesogezwa, ili wasifukuzwe kila jioni kama mbuzi. Mtoto asiye na pa kuchezea chini atachezea juu ya dari ya mtu. Kinu kitwangwe mchana, na kiwekewe gunia au mkeka chini, jambo dogo linalomaliza ugomvi wa miaka. Muziki ushuke saa nne usiku, isipokuwa siku zilizotangazwa. Mchezo wa kutunzana pesa kati ya fleti za ghorofa moja, kwa wanaotaka. Na familia inayohamia, kabla haijamaliza kufungua maboksi, ipelekewe sahani ya chakula na mtu wa ghorofa yake, aionyeshe ngazi ya dharura iko wapi, awape namba zake mbili za simu, kisha awaongoze hadi kwenye koki ya maji ya upande wao, waifunge na kuifungua wenyewe.